Betri za Gari la Daktari Penieli

Fahali huvunja boma, punda huleta maji. Nimewasikia mkiisema pale kwa mama ntilie, tena kwa vicheko, mkimtania mwenzenu aliyetaka kuinyanyua injini peke yake. Sasa mmenijia kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Ila msinikatize, maana nikikatizwa hapa katikati sitaweza kumaliza. Methali hii ilianza hivi, na aliyeianzisha kwa kosa lake ni mimi, fundi Elinazi, humu humu kwenye gereji hii mnayojifunzia.

Palikuwa na daktari wa mifugo, Daktari Penieli Laizer. Alinunua gari kuukuu la watalii, lile la aina ya nyumba: ndani kitanda, jiko na friji ndogo. Akawa anaishi humo wiki nzima nzima, akizunguka Kiteto kuchanja mbuzi na ng'ombe. Gari lilikuwa na betri yake ya injini, na kando betri mbili za ndani, za taa na friji. Hizo za ndani zikafa. Akaniambia, "Fundi, nenda kanichagulie nyingine. Nakuomba uchague vizuri, maana friji ndiyo roho ya kazi yangu. Chanjo ikipata joto, nitakuwa nawachoma mbuzi wa watu maji matupu."

Mimi huyo mpaka dukani kwa Nsia. Nsia alikuwa binti wa Machame, mpole, anauza vifaa vya sola. Akaniuliza betri ni za kazi gani, nikamwambia. Akanionyesha mbili, akasema, "Chukua hizi, kaka. Ile unayoitazama ni ya kuwashia injini. Inatoa nguvu nyingi mara moja, halafu inataka kujazwa hapo hapo. Friji inakula kidogo kidogo, mchana na usiku. Ukiikamua ile namna hiyo, itakufa."

Lo! Mimi, fundi mwenye miaka kumi na minane kazini, nifundishwe betri na msichana wa dukani? Nikacheka mbele ya wateja wake. Nikamwambia, "Dada, wewe uza, upimaji tuachie wanaume."

Hapa gereji tulikuwa na kipimo chetu. Betri ikija, tunaifunga kwenye lori bovu lililokuwa pale ukutani. Lori likiwaka kwa mkupuo mmoja, hiyo ndiyo betri. Nikazibeba za Nsia na zile nilizozitaka mimi, nikazijaribu mbele ya mafundi wote. Za Nsia, lori likakohoa, likakohoa, likanyamaza. Zangu, lori likanguruma mara moja! Watu wakapiga makofi. Nikamrudishia Nsia betri zake, nikampa na maneno ya kejeli ambayo leo siwezi kuyatamka mbele yenu.

Nikazifunga zangu. Tena nikaomba nifuatane na daktari, nikaone kazi ya mikono yangu.

Tulipiga kambi karibu na kisima kimoja Kiteto, tukakaa siku tatu gari halijawashwa, betri hazijajazwa, tukiwasubiri wafugaji. Homa ya mapafu ilikuwa imeshaingia maboma ya jirani, mbuzi wanakohoa na kufa. Siku ya tatu asubuhi watu wakajaa. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama mmoja mjane, Nanyorri, ametembea siku nzima na mbuzi wake kumi na mmoja. Ndio waliokuwa maziwa ya watoto wake, hana kingine.

Daktari akafungua friji. Akatoa kipimajoto, akakitazama, akakitazama tena. Friji ilikuwa na joto kama nje. Akazitoa chupa zote, akazihesabu kwa sauti ndogo, kisha akaziweka kwenye ndoo ya taka.

"Imekuwaje?" watu wakauliza.

Nikajibu upesi kuliko daktari. Nikasema, "Friji yenyewe ni mbovu."

Wanangu, nilisema uongo. Daktari alijua, kwa sababu alikuwa ameona betri zimekauka chaji. Alinitazama tu, hakunisuta. Nanyorri akageuza mbuzi wake, akaondoka. Niliwasikia wawili kati yao wakikohoa.

Tuliporudi Arusha nilikwenda kwa Nsia. Sikuweza kumtazama usoni. Akanipa zile zile betri zake, wala hakusema, "Nilikwambia." Angesema, ningepumua.

Ilituchukua siku kumi na mbili kupata chanjo nyingine na kurudi. Friji ilikuwa baridi kabisa. Watu wakaja, wachache kuliko mara ya kwanza. Nanyorri alikuja akivuta mbuzi wawili kwa kamba.

Nikamsalimu. Nikamuuliza wengine wako wapi, nami najua. Akasema, "Wamekwisha, fundi. Friji yenu ilikuwa mbovu."

Hapo aibu ilinishika. Nikasema mbele ya wote, "Mama, friji ilikuwa nzima. Mbovu ni mimi. Nilichagua betri ya kuwasha lori, nikaacha ya kulisha friji. Niliambiwa, nikacheka. Kisha nikakudanganya."

Mama yule hajawahi kufunga betri maishani mwake, lakini alinielewa pale pale. Akaniuliza, "Uliichagua kwa sababu ina nguvu?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mtoto wangu wa kuchunga ndama asingekosea hapo," akasema. "Fahali huvunja boma, punda huleta maji. Wewe ulitaka maji, ukaenda kununua fahali."

Wazee wakaguna. Hakuna aliyecheka. Kisha akanipa kamba mkononi, akasema, "Washike wachanjwe." Nikawashika, mmoja baada ya mwingine, nikilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zangu.

Wachungaji wakaibeba methali hiyo mnadani, madereva wakaileta mjini, na leo mnaitumia kwa utani wa chai. Itumieni tu, sikatazi. Mimi nikiisikia, nawaona mbuzi tisa. Fahali huvunja boma, punda huleta maji.