Mtamba wa Bibi Nakijwa na Kamera Iliyochemka

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aiweke mfukoni. Nina kesi ya kuwapa. Nikimaliza msiniulize hukumu, kwa sababu aliyetakiwa kuitoa imemshinda, na mimi imenishinda pia.

Mjini Hedaru, chini ya milima ya Upare, mahali ambapo jua huingia hata kwenye viatu, walikuwapo vijana watatu.

Heriel alikuwa na mkono unaojua vyombo. Ukimletea redio iliyokufa, kwanza anaishika kimya, kama mama anayempima mtoto homa, ndipo anakwambia inaumwa wapi.

Mkunde alikuwa na mwili wenye subira. Angeweza kusimama bombani na ndoo kichwani mpaka wenzake wamalize kugombea foleni, asiitue wala asigune.

Mbonea alikuwa na ulimi. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na aliwahi kuufanya msiba mzima ucheke, kisha watu wakaendelea kulia bila kumkasirikia.

Na alikuwapo Yunesi, ambaye kipaji chake kikubwa kilikuwa kuchoshwa na watu. Kesi hii ilimwangukia yeye.

Mdogo wake Yunesi, Naetwe, alikuwa anaolewa. Katika ukoo wao kuna wimbo ambao bibi wa nyumba humwimbia binti anapotoka, getini, juani, mbele ya watu. Haufundishwi. Hauimbwi kwa mazoezi. Ukianza hauanzwi tena, na ukikatika unabaki umekatika. Ubeti wake wa mwisho unawataja kina mama wote wa nyumba ile, mmoja mmoja, mpaka unafika kwa mama wa bibi harusi.

Mama yao Yunesi na Naetwe alikufa wakiwa wadogo. Yunesi mwenyewe alifunga ndoa bomani, kwa haraka, bila wimbo, kwa hiyo hakuwahi kulisikia jina la mama yake likiimbwa. Na aliyebaki anaujua wimbo wote alikuwa Bibi Nakijwa peke yake, ambaye kooni alikuwa na uvimbe. Wiki iliyofuata alitakiwa kupasuliwa, na daktari alikuwa amesema wazi kwamba huenda asitoke na sauti.

"Uwekeni kwenye hiyo mashine yenu," Bibi alisema. "Mwiko ni kuufundisha. Kuurekodi hakuna aliyewahi kukataza, maana wakati huo hamkuwa na mashine."

Ndipo Yunesi akamwita Heriel arekodi video. Heriel aliahidi kuja na kamera mbili. Akaja na moja.

"Ya pili iko wapi?" Yunesi akauliza.

"Iko kwa fundi, dada."

"Si wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo maana haijapona."

Kamera yenyewe ilikuwa moja ya zile ndogo za kisasa zisizo na kioo ndani, nzuri, nyepesi, inayoenea kwenye kiganja. Tangu asubuhi kamati iliituma kama mtumwa. Irekodi wapishi. Irekodi maua. Irekodi magari yanavyoingia, kisha yatoke yaingie tena maana moja lilikuwa halijaoshwa. Ndafu ilipoletwa, yule mbuzi mzima wa kuchoma aliyekaa kwenye sinia na majani mdomoni, Mbonea akaona shangwe ni ndogo, akamrudisha jikoni aletwe upya kwa ngoma. Mbuzi akaingia mara ya pili. Kamera ikajizima.

Yunesi akafika mbio. "Imefanya nini?"

"Imechemka, dada."

"Imechemka kama maharage?"

"Hizi ndogo hazina pa kutolea joto. Picha za kawaida hazina shida. Lakini ukirekodi video mfululizo, tena kwa ubora wa juu kabisa, tena juani, inaonyesha alama ya kipimajoto, halafu inajizima isije ikaungua."

"Na ulilijua hilo kabla hujaja Hedaru."

Heriel akatazama viatu vyake. "Nililijua. Ila nilidhani tutakuwa kivulini."

"Hedaru," Yunesi akasema polepole. "Kivulini."

Heriel akamkabidhi Mkunde kamera ipumzike barazani, yeye akaenda kutafuta betri iliyo baridi. Mkunde alikuwa binamu yao Yunesi na Naetwe, na siku hiyo ndiye mpambe wa bibi harusi, mwenye gauni lililoshonwa kwa rangi moja na maua ya ukumbini. Shangazi Ruthi akapita, akaigusa kamera, akashtuka.

"Mbona ina homa hii? Ilete."

Mkunde akampa. Shangazi ni shangazi.

Yunesi aliporudi barazani alimkuta Mkunde mikono mitupu. "Kamera iko wapi?"

"Shangazi anaipoza."

"Anaipozaje?"

Wote walikuwa wameshatazama upande mmoja. Shangazi Ruthi alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa deli la soda, anajipepea, na uso wa mtu aliyetenda wema. Wakamwinua. Ndani, katikati ya barafu na chupa, kamera ilikuwa imelala ndani ya kitambaa cha meza.

"Nimeifunga vizuri," shangazi akasema. "Sikuiweka hivihivi kama mtu asiye na akili."

Heriel akaitoa. Ilipokutana na hewa ya nje, ikatoka jasho mwili mzima. Lenzi ikawa nyeupe, na ukungu mwingine ukawa ndani, pasipofikiwa na kitambaa. Yunesi akakaa kwenye ngazi. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mtu akimsemesha kabla ya saa sita atamng'ata.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Heriel aliichukua kamera ile, akatoa betri na memori kadi, akaingia nayo stoo yenye bati la moto na magunia ya mchele. Akaipasha joto. Ndiyo, mmesikia vizuri: kamera iliyokufa kwa joto akairudisha kwenye joto, polepole, akiigeuza mikononi ukungu ukimbie wenyewe. Watu walimgongea mlango. "Heriel, kuna keki inakatwa." Hakutoka. "Heriel, mjomba anacheza, toka urekodi." Hakutoka. Waliposema amelala, akaendelea kuigeuza. Kisha akarudisha betri na kadi, akashusha ubora wa video, akaivuta skrini ikae mbali na mwili wa kamera, akaiacha imezimwa. Aliitunza kama mgonjwa anayetakiwa kusema neno moja tu. Alipotoka, shati lake lingeweza kukamuliwa, na kamera ilikuwa inaona. Bila Heriel, wimbo usingekuwa na pa kuingia.

Mkunde alimwona Heriel anapanga stendi yake getini, kwenye jua la saa sita, naye Bibi ameshaanza kuinuliwa kwenye kiti. Getini hakuna kivuli, na wimbo hauhamishwi. Mahali pake Mkunde palikuwa bega kwa bega na bibi harusi, mbele ya macho ya watu. Akapaacha. Akachukua mwavuli kwa mkono mmoja na ungo wa jikoni kwa mkono wa pili, akasimama nyuma ya kamera, akaifunika na kuipepea. Bibi akaanza kuimba. Alama ya kipimajoto ikatokea kwenye skrini, Mkunde akaongeza kasi, ikapotea. Ikarudi, akaifukuza tena. Pumba zilizobaki kwenye ungo zikamwingia machoni, hakufuta. Beti zote ndefu zile, mkono wa mwavuli haukushuka. Leo ukiitazama video hiyo utawaona wageni wote, mpaka mbwa wa jirani, ila Mkunde humwoni popote. Bila Mkunde, wimbo ungefia ubeti wa kwanza.

Lakini kabla ya ubeti wa mwisho, kamera ikajizima. Skrini ikawa nyeusi. Yunesi, aliyekuwa kando yake, akamshika Heriel mkono.

Hapo ndipo Mbonea alipoona pa kupata muda ili kamera ipoe. Katika wimbo ule, bibi hunyamaza kabla ya ubeti wa mwisho mpaka upande wa bwana harusi uombe binti kwa heshima. Kwa kawaida wanaomba mara moja, anaendelea. Mbonea akashika maikrofoni.

"Nani anaomba?"

"Mimi, baba mkubwa wa bwana harusi."

"Umeomba ukiwa umevaa kofia. Huku kwetu kofia haiombi. Rudi, uje upya."

Baba mkubwa akarudi, akavua kofia, akaja. Mbonea akamwambia sasa viatu vina vumbi. Akavifuta. Akamwambia aombe kwa Kipare, na mzee wa watu alikuwa ametoka Ukerewe. Akafundishwa neno, likamkwama, watu wakashika mbavu.

Yunesi hakucheka. Bibi yake alikuwa amesimama juani, mgonjwa, kiganja kimeshika koo. Alitaka ucheshi ule uishe, na alitaka uendelee. Kila baada ya utani mmoja Mbonea alimtupia jicho Heriel, na Heriel aliiweka kamera shavuni, akatikisa kichwa. Bado. Upande wa bwana harusi ukaanza kununa. "Huyu kijana anatudharau," mmoja akasema, na mwingine akaanza kukunja mikono ya shati. Mbonea akawachekesha waliokuwa karibu kumpiga. Kisha Heriel akaiweka kamera shavuni tena, akainamisha kichwa: ndiyo. Bila Mbonea, wimbo usingekuwa na mwisho.

"Wameomba, Bibi," Mbonea akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ya adabu tupu.

Bibi Nakijwa akaimba ubeti wa mwisho. Akataja bibi wa mumewe. Akataja mama wa mumewe. Akajitaja mwenyewe. Alipofika kwa mkwewe, mama yao Yunesi, sauti ikapasuka kidogo, akameza, akalisimamisha jina lote: Nanzia. Kisha akafunga mdomo, na kamera ikajizima. Safari hii hakuna aliyeilaumu.

Siku ya kupelekwa hospitali, Bibi alionyeshwa video. Aliitazama mpaka mwisho, akasema, "Yule mtamba wangu mwekundu apewe aliyeuokoa wimbo. Mmoja."

"Bibi, wako watatu," Yunesi akasema.

"Ndiyo maana nimekuachia wewe uamue."

"Si wamfuge wote pamoja?"

"Siku ya kukata majani watatafutana kwa simu, na ng'ombe anasikia njaa. Na asiuzwe wakagawana. Huyo ni uzao wa ng'ombe niliyeolewa naye mimi. Mmoja."

Alipasuliwa. Uvimbe ulitoka, na sauti ikatoka nao. Yunesi alipokwenda kumwona, alimuuliza tena, akitumaini. Bibi aliinua kidole kimoja, akacheka bila mlio.

Basi jana Yunesi aliwaita zizini, akamfungua mtamba, akashika kamba.

"Semeni."

"Bila mimi kungekuwa na ukungu tu," Heriel akasema.

"Ungeleta kamera mbili tusingefika huko," Mbonea akamjibu. "Mimi nilikaribia kupigwa kwa ajili ya wimbo wa bibi wa watu."

"Na nani alimrudisha mbuzi jikoni aingie mara ya pili?" Mkunde akauliza. "Joto la kwanza lilikuwa lako."

"Na nani alimpa shangazi kamera?" Mbonea akamrudishia.

Mkunde akauegemea mwavuli aliokuja nao. Halafu akasema, "Mimi sijadai ng'ombe. Nauliza tu, Naetwe akiwaonyesha watoto wake video hiyo, mimi watanijuaje?"

Shangazi Ruthi, ambaye hakuitwa, akasema akiwa ameegemea ukuta kwamba kama si deli lake kamera ingeungua kabisa, na kwamba yeye hapendi kujisifu.

"Shangazi, naomba ukae," Yunesi akasema. "Ila si juu ya kitu chochote chenye mfuniko."

Kisha akawatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine. Angempa Heriel, mwenye mkono uliofufua? Bila wenzake kamera hai ingefia getini. Angempa Mkunde, mwenye mkono ambao haukushuka? Hata hivyo kamera ilijizima chini ya mwavuli wake. Angempa Mbonea, aliyeununua muda kwa heshima yake? Muda mtupu haurekodi kitu. Na kila mmoja, akikumbuka vizuri, alikuwa ameisaidia kamera ile kufa kabla hajaisaidia kuishi. Jina la mama yake lilikuwa kwenye simu mfukoni mwake, alikuwa amelisikiliza asubuhi hiyo, na hakuweza kulipasua vipande aseme hiki ni cha fulani.

Mtamba alikuwa amechoka kusubiri. Alianza kutafuna ncha ya mwavuli wa Mkunde, na hakuna aliyemkataza.

Yunesi alisimama pale mpaka mkono ukamuuma. Ameniambia niwaletee ninyi kesi hii, maana yeye amechoka na watu wote, wakiwamo wale anaowapenda. Haya, shikeni kamba. Mtamba ni mmoja, na Bibi hawezi tena kuulizwa akajibu kwa sauti. Wewe uliyesikia yote, ungeiweka kamba hiyo mkononi mwa nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?