Siri ya Udi wa Mwana Shali

Hapo zamani, walipotawala masultani wenye vilemba virefu, palikuwa na mjane katika mji wa Kilimbani, jina lake Mwana Shali, mpika udi. Udi wake ulipochomwa nyumba moja, mtaa mzima ulijua kuna arusi. Namna ya kuupika aliirithi kwa nyanya yake, na watu walidhani ni yeye peke yake aijuaye. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na binti zake.

Basi ikawa tajiri mmoja mgeni akamwahidi Sultani Sinani farasi weupe, iwapo atampatia siri ya udi ule. Sultani akamwita Mwana Shali barazani, mbele ya watu, akamwambia kwa upole, "Mama, ukifa leo, au nyumba yako ikiungua, siri hii itapotea na mji utapata hasara. Ilete tukuhifadhie."

Mwana Shali akaitambua hila, ila hakuweza kumkatalia mtawala. Akauliza, "Itahifadhiwa wapi, maulana? Karatasi huungua, na sanduku huvunjwa."

"Itahifadhiwa kichwani mwa Mshamu," akajibu Sultani, na watu wakacheka, kwa kuwa Mshamu alikuwa fukara wa kulala barazani mwa watu, na mji mzima ulimwita mpumbavu. Sultani alimchagua makusudi, akiamini kuwa mjinga akiulizwa husema.

Mshamu akasogea, akainama. "Nimekubali, maulana. Lakini kichwa changu hakina mlango wala kufuli. Akija mtu kunichokonoa, je?"

Sultani, apate kuonekana mwadilifu, akatamka, "Mtu yeyote atakayemtaka Mshamu aitoe siri hii bila idhini ya Mwana Shali ni mwizi. Apandishwe punda kinyumenyume, azungushwe sokoni."

"Mtu yeyote?"

"Mtu yeyote."

Mpiga mbiu akaenda kuitangaza amri hiyo mji mzima. Naye Mwana Shali akamnong'oneza Mshamu sikioni, akaenda zake.

Kesho yake Sultani akamwita Mshamu, na yule tajiri ameketi kando yake. "Haya, tuambie alichokunong'oneza."

Mshamu akajikuna kichwa. "Maulana, uniwie radhi kwa ujinga wangu. Wewe ni mtu, au si mtu?"

Kadhi alikuwa papo hapo barazani, na kama Sultani angesema si mtu, kadhi angetaka kujua basi ni nini. "Ni mtu," akasema kwa shida.

Mshamu akawageukia askari. "Jamani, leteni punda. Mtafuteni aliye mpole, maana maulana hajazoea kukaa kinyumenyume."

Askari wakatazamana. Mmoja akapiga hatua kuelekea zizini, kisha akarudi. Tajiri akaghadhibika, akasema, "Apigwe huyu hata aseme."

"Nawe ni mtu, bwana," akamjibu Mshamu, "na punda wa mji huu ni wengi."

Kadhi akainamisha uso, ndevu zikimtikisika. Sultani alipomwona hakuweza kujizuia, akacheka hata kilemba kikamlegea. Kisha haya zikamshika, akaagiza Mwana Shali aitwe.

"Mama," akamwambia, "nilitaka kukuibia kwa jina la kukulinda. Siri yako ni yako. Lakini nipe idhini nijue alichohifadhi huyu, maana roho yangu haitatulia."

"Idhini nimetoa," akasema Mwana Shali. "Mwambie, Mshamu."

"Aliniambia hivi, maulana: 'Udi huu nimekwisha kuwafundisha binti zangu wote, kwa hiyo hautapotea. Wewe funga mdomo tu, nami nitakupikia pilau.'"

"Kumbe hukuwa na siri yoyote kichwani?"

"Nilikuwa nayo, maulana. Siri yenyewe ndiyo hiyo, kwamba hamna kitu."

Basi tajiri akaondoka na farasi wake, baada ya kununua udi mlangoni kwa Mwana Shali kama wateja wengine. Mshamu akavishwa joho, akapewa na chumba cha kulala. Na ile amri ya punda haikufutwa. Ikawa ndiyo sheria ya Kilimbani, kwa muuza kuni na kwa Sultani mwenyewe.