Jua la Chumba cha Ndani

Hapo zamani, na msiniulize lini maana hata aliyenisimulia hakujua, mamake malkia alilala kwa maradhi katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, chumba kisicho na dirisha. Kila akiamka alisema, "Nataka kuliona jua likichomoza." Kumtoa nje hakukuwezekana, hata akigeuzwa ubavu alilia.

Malkia akasema, "Mtengenezeeni mama ubao wa jua. Atakayemchomozea jua, ubao utakuwa wake mama akishaondoka."

Fundi Madi akachonga bahari, anga na duara la jua. Akapaka ubao wote udongo mwekundu, maana dhahabu isipolazwa juu ya udongo huo hukosa uhai. Bi Mize, mfua dhahabu, hakuwa na dhahabu ila bangili ya mwanawe Zena, aliyefariki akiwa kigoli. Akaifua. Akaifua kati ya ngozi laini, akaifua huku analia, mpaka bangili ikawa majani membamba yanayopitisha mwanga. Ubao ukasimamishwa mbele ya kitanda cha mgonjwa, na Saburi, mbandika dhahabu, akayabandika jani baada ya jani, amebana pumzi. Kazi hiyo ina mwiko wake: chumbani hasemi mtu, maana neno moja tu hulipeperusha jani.

Likabaki jani la mwisho, la jua lenyewe. Mize akajikuta anasema, "Kwaheri, Zena."

Saburi akaingiwa na huzuni, pumzi ikamtoka. Jani likaruka, likaelea, likaelea kama lina usingizi, likatua shavuni pa bibi, mamake malkia. Bibi akafumbua macho. Mbele yake anga yote ni dhahabu, na katikati duara jekundu, tupu.

"Hilooo," akasema. "Linachomoza."

Akatabasamu, akaondoka. Hakuna aliyethubutu kumfuta shavu. Alizikwa na jani lake.

Matanga yalipokwisha, Fundi Madi akasema, "Malkia wangu, jua aliloliona bibi ni udongo wangu. Lilikuwa donge la mwisho aliloniachia baba, na kilima chake kimeshaliwa na bahari. Sitapaka tena."

Saburi akasema, "Ningebandika sawasawa, bibi angeona dhahabu tu. Pumzi yangu ndiyo iliyomfunulia jua. Na mama yangu naye yu kitandani, naye chumba chake hakina dirisha."

Mize akasema, "Bila anga, duara lile lingekuwa doa tu. Na aliyevunja mwiko ni mimi. Huyo hapo ubaoni ni Zena wangu. Nikimkwangua nitapata vumbi. Nitampata wapi tena?"

Malkia akamtazama huyu, akamtazama yule, akainamisha kichwa. Mize alikuwa amesimama karibu kabisa na ubao, amebana pumzi, asije akampeperusha mtoto.

Haya, mimi si malkia na nimeshindwa, basi msinitazame. Semeni nyinyi: ubao ule, nani aliustahili?