Taza Aliyerudi kwa Mwenyewe

Ndugu zangu, leo sina faraja ya kuwapa. Nina kisa tu, nacho si kirefu.

Palikuwa na mvuvi mmoja kisiwani aliyefuga taza, yule samaki anayejigandisha kwa kichwa kwenye viumbe wakubwa. Humfunga ugwe mkiani, akamwachia baharini. Taza akimganda kasa, mvuvi huvuta, kitoweo kimepatikana. Kazi ya mababu. Na mababu hao waliweka mila: kasa jike mwenye mayai akivutwa, hupigwa kofi la gambani, huambiwa, "Nenda kazae, mama," kisha huachwa.

Mvuvi wetu alilipiga kofi hilo kwa miaka. Halafu akawa anawaona wenzake wanarudi na majike, yeye anarudi mikono mitupu. Moyo ukamuuma. Siku moja akamvuta jike mzito, akampakia chomboni bila kofi wala neno.

Mkewe alipompasua akayaona mayai. "Baba watoto, huyu si wa kuachwa?"

"Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwengine."

"Basi amchukue huyo mwengine, dhambi iwe yake."

"Na njaa iwe yetu?"

Mkewe akateleka. Nyinyi mngemjibu nini? Msinijibu. Jibu tunalo majikoni kwetu.

Miaka ikapita, kila mvuvi akisema neno lile lile. Kasa wakabaki kwenye hadithi. Asubuhi moja, nyumbani hakuna cha kupika, mvuvi akatoka na shemeji yake. Akambembeleza taza, "Nitafutie hata mdogo," akamwachia. Ugwe ukaenda, ukaenda, ukalegea. Kisha ukakaza chini yao kabisa. Mzito, hauvutiki. Mvuvi akatokwa na machozi ya furaha.

"Zama, shemeji. Tumepata."

Shemeji akazama. Alipoibuka alishika ukingo wa chombo.

"Kamganda nani?"

"Kakiganda chombo chetu."

Ndugu zangu, taza hakukosea. Alizunguka bahari nzima akitafuta kikubwa kinachokwenda majini, akakuta kimebaki kimoja. Na huyo "mwengine" tunayemsingizia kila siku, tukikata mikoko, tukivua vichanga, yuko wapi? Nimemtafuta humu msikitini, safu kwa safu. Simwoni. Nawaona nyinyi, na mimi nikiwamo.

Mvuvi alibaki ameketi, ugwe mkononi, asijue avute au aachie. Sisi tumeketi naye chombo kimoja.