Sala ya Mlangoni

Wamesimulia wazee wetu wa imani, nao walipokea kwa waliowatangulia, ya kwamba katika nchi ya Nubia, zama zile misalaba ilipokuwa imesimama kando ya mto Nili kutoka poromoko la maji hata poromoko, palikuwa na nyumba ya watawa wa kike iliyojengwa mbali na mto, ndani kabisa ya jangwa, penye kisima kimoja tu. Mtu aliyetoka mtoni alfajiri alifika huko jua likizama, ikiwa punda wake hakumgomea njiani. Na katika nyumba ile aliishi mtumishi wa Mungu, Mama Eufemia, Bwana ampe pumziko jema, ambaye kazi yake ilikuwa ubawabu.

Nawasimulia habari zake kifua mbele, kwa sababu mwanamke huyu ni fahari yetu. Mataifa huhesabu mashujaa wao kwa miji waliyoiteka. Sisi tunaye bibi mmoja aliyeketi mlangoni akisuka ukili wa mikeka, na vita alivyopigana mchana mmoja vingewashinda wengi wenye panga. Sikilizeni, mtaona sijivuni bure.

Kwanza yafaa mjue desturi ya mlango ule. Watawa walioijenga nyumba walikuwa wamesumbuliwa sana na yule Mwovu, aliyewajia kwa sura nyingi, mara mchuuzi wa tende, mara mtawa mwenzao aliyepotea njia, mara mtoto anayelia. Basi wakaweka kanuni kwamba yeyote abishaye hodi, awe mfalme au mchunga mbuzi, asimame nje na kuisali Sala ya Bwana kwa sauti, tangu mwanzo hata amina, ndipo komeo liondolewe. Waliamini kwamba Ibilisi anaweza kuiga uso wa mtu na sauti ya mtu, hata machozi ya mtu, ila sala ile hawezi kuifikisha mwisho. Mahali fulani ulimi wake utakwama tu.

Mama Eufemia aliishika kanuni hiyo kufa na kupona. Inasemekana Baba Askofu mwenyewe alifika siku moja akiwa hoi, koo limejaa vumbi, akaisali sala mbio mbio ili awahi maji. Kidirisha cha mlango kikafunguka kidogo.

"Baba," akasema Mama Eufemia, "naomba baraka yako. Naomba pia uanze upya. Hapo katikati umemeza maneno."

Askofu akaanza upya, fimbo yake ya heshima mkononi, na mashemasi wake wakitazama chini wasije wakacheka. Alipoingia alimbariki, akasema angetamani makanisa yake yote yawe na bawabu wa namna ile. Maneno hayo Mama Eufemia aliyaweka moyoni, na sitawadanganya kwamba hayakumpendeza.

Hakuzaliwa mpole. Ujanani alikuwa mke wa mkulima wa mitende kule mtoni, mwanamke wa maneno makali ambaye majirani walimpisha njia. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Mena. Siku moja majambazi wa jangwani walikivamia kijiji kwa ngamia, wakitafuta mbuzi na nafaka. Mena, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu, alikataa kuwaachia mbuzi wa mama yake, na jambazi mmoja akamkamata. Eufemia alimrukia mtu yule akamng'ata kifundo cha mkono hata mfupa. Yule mtu hakulegeza. Alimchoma kijana mkuki mama yake akitazama, akapanda ngamia wake akaenda zake. Mena alizikwa jioni ile ile.

Eufemia alipoingia utawani, hasira yake aliingia nayo. Mama Talasia, mkuu wa nyumba, hakumwambia aitupe. Alimpa majani ya mkindu, akamfundisha kusuka, kisha akamwambia, "Mwanangu, kila ikikupanda, fumua ulichokisuka uanze upya. Mwovu hana subira ya kukaa na mtu anayefumua."

Miaka ya mwanzo Eufemia alifumua zaidi kuliko alivyosuka. Dada zake walimtania kwamba nyumba nzima itakosa mikeka kwa sababu yake. Lakini polepole ukili ukawa unarefuka. Akazijua njia zote za hasira yake, jinsi inavyoanza kwa joto la masikio, jinsi inavyokausha mate, jinsi inavyoitetemesha mikono. Ilipomgusa masikio tu, yeye alikuwa amekwisha kufumua. Ndiyo maana alipewa mlango aulinde.

Basi ikawa mchana mmoja wa Kwaresima, jua limesimama utosini, watawa wote wako kanisani kwa sala ya adhuhuri. Mama Eufemia amebaki mlangoni na ukili wake kama ilivyokuwa ada. Akasikia kitu kizito kikiuangukia mlango.

"Nani?"

"Maji," sauti ikajibu, kwa matamshi ya watu wa jangwani. "Maji, mama."

"Sali kwanza, mwanangu, nikufungulie."

"Sijui kusali."

"Sala ya Bwana. Kila mtu anaijua."

"Siijui. Ngamia wangu amekufa. Wenzangu wameniacha. Maji, mama."

Mama Eufemia akafungua kidirisha. Mkono ukaja ukazishika fito zake, na juu ya kifundo cha mkono ule aliona kovu la duara, alama za meno zimejipanga, mahali pamoja pana pengo. Pengo lile lilikuwa kinywani mwake yeye Eufemia tangu utotoni. Akautazama uso. Ulikuwa umezeeka na midomo imepasuka kwa kiu, lakini ulikuwa ule ule. Mtu yule hakumtambua. Aliona mtawa mzee aliyejifunika kichwa, basi.

Akakifunga kidirisha. Akaketi, akauchukua ukili, akaingojea hasira.

Haikuja. Masikio yalikuwa baridi na mate yalikuwepo. Mikono ilitulia, ikawa inasuka. Na moyoni mwake akasikia maneno laini, ya kiibada kabisa: "Eufemia, bawabu mwaminifu. Huna chuki na mtu. Humtendei ubaya wowote. Askofu mwenyewe aliitii kanuni hii, itakuwa huyu? Asiyesali haingii. Wewe suka tu."

Maneno hayo yalikuwa matamu, na ukiyachukua moja moja huoni kosa. Kanuni haikutaja kabisa mtu asiyeijua sala. Walioitunga hawakuwahi kumfikiria, kwa sababu mlangoni pale walifika Wakristo peke yao, na watoto wa mtoni walifundishwa sala ile kabla hawajaweza kufunga viatu vyao. Huyu wa nje hakuwa na mahali katika kanuni. Angekufa pale kizingitini bila mtu kuivunja, na watawa wangetoka kanisani wakute maiti, na wampe bawabu wao pole kwa mshtuko.

Nje, mtu yule aligonga tena, safari hii chini zaidi, karibu na ardhi. "Mama," akasema. Halafu akawa anaukwaruza mlango kwa kucha.

Hapa, wapendwa, ndipo palipokuwa na hatari. Hasira ingemjia, angeikamata mlangoni kama mwizi aliyezoeleka. Mwovu alilijua hilo, kwa hiyo hakupita njia ya hasira. Alimjia kwa njia ya kazi yake njema, akamsifu kwa uaminifu wake, na kwa kitambo kirefu mtumishi yule wa Mungu aliendelea kusuka huku mtu anakufa umbali wa mkono mmoja.

Ndipo akautazama ukili uliokuwa mapajani. Haujapata kunyooka vile maishani mwake, hakuna hata jani moja lililokosea. Akashikwa na hofu. Hasira yake aliijua kama mtu anavyomjua mbuzi wake mkorofi, lakini utulivu huu hakuujua, wala hakujua umeingilia wapi. "Kuna nani humu ndani pamoja nami?" akajiuliza.

Naye alikuwa bawabu, hakuwa na elimu nyingine. Akafanya lile analolijua bawabu wa nyumba ile. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akauambia moyo wake kama alivyomwambia kila mgeni, "Sali kwanza."

Akaanza kwa sauti. Akalitukuza jina la Baba, akauombea ufalme uje, akaomba mkate wa siku. Alipofika pale pa kusamehe, sauti ikakatika. Akajirudisha mwanzo kama alivyomrudisha askofu. Ikakatika pale pale. Akajaribu kuyapita mbio maneno yale, akajisikia akiyameza, na hakuna mtu duniani aliyejua kuliko yeye maana ya jambo hilo. Yule asiyeweza kuifikisha sala mwisho alikuwa amekwisha kuingia, tena yuko upande huu wa komeo.

Sasa masikio yakawaka moto. Hasira ikaja yote, na nyuma yake kilio ambacho kilikuwa hakijaisha tangu siku ya mazishi. Alimwita Mena kwa jina. Alimlaani aliye nje, akajishika kinywa. Kisha akauchukua ule ukili mzuri akaufumua wote, tangu ncha hata shina lake, majani yakamzunguka miguuni. Msidhani kwamba alimpenda mtu yule. Alimchukia, na alimwambia Mungu hivyo hivyo bila kuficha.

"Bwana," akasema, meno yakigongana, "namsamehe kwa kinywa. Moyo haujafika. Uukokote Wewe."

Akaisali sala hata amina, akaliondoa komeo.

Watawa walipotoka kanisani waliukuta mlango uko wazi kabisa, jambo ambalo hawakupata kuliona. Nje, mchangani, Mama Eufemia ameketi, kichwa cha mtu mgeni mapajani mwake, anamdondoshea maji kwa kata kidogo kidogo asije akafa kwa kunywa kwa pupa. Uso wake umelowa machozi na kamasi, na majani ya mkindu yamemganda kwenye nguo.

Mama Talasia, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akasogea karibu. "Eufemia, mgeni amesali?"

"Bado, Mama. Haijui."

"Mbona basi mlango uko wazi?"

"Nimesali mimi, Mama." Akauinua mkono wa mgonjwa, akauleta karibu na macho ya mkuu wake. Hapakuwa na mtu katika nyumba ile asiyejua habari ya meno yale.

Mama Talasia alilipapasa kovu kwa kidole. Kisha akapiga magoti mchangani, yeye mkuu wa nyumba, akaishika miguu ya mtu yule ili wamwinue pamoja.

"Na yule Mwovu?" akauliza kwa sauti ya chini. "Alifika?"

"Alifika, Mama. Nilimkuta ndani."

Wakambeba wakamwingiza.

Mtu yule jina lake lilikuwa Degu. Alipopata nafuu na kuambiwa ni nani aliyemfungulia, aligeukia ukutani, hakula siku ile. Halafu akaomba afundishwe ile sala aliyodaiwa mlangoni. Mama Eufemia alimfundisha mwenyewe, neno kwa neno, wawili wakiwa wameketi kizingitini na mkindu kati yao. Walipofika pale pa kusamehe, Degu ndiye aliyekwama, na Mama Eufemia akamngojea bila kumharakisha. Wasimulizi wengine husema alibatizwa akachunga mbuzi wa nyumba ile hata kufa kwake. Wengine husema alirudi kwa watu wake, na kwamba tangu hapo njia ya kwenda kisimani haikuvamiwa tena. Mungu ndiye ajuaye.

Lakini kwa desturi ya mlango wasimulizi wote wamekubaliana. Tangu siku hiyo ilibadilishwa. Mgeni akibisha hodi, bawabu ndiye aisaliye sala kwanza, kwa sauti, kutoka ndani, na mgeni anasikiliza. Akiifikisha amina, ndipo humwomba mgeni naye asali, na asiyeijua hupewa maji na kufundishwa.

Miaka ikapita, Baba Askofu akafika tena, akabisha. Akamsikia Mama Eufemia akianza sala. Katikati sauti ikasimama. Akamsikia akianza upya tangu mwanzo, kwa sauti ya uzee, mpaka pale pale, ikatetemeka, ikapita. Mashemasi walitaka kugonga mlango kwa sababu ya jua kali. Askofu aliwazuia kwa mkono, akavua kofia yake, akasimama juani kichwa wazi hata aliposikia amina.

Huyo ndiye Mama Eufemia, nasi tukimtaja tuinue vichwa, maana ni wa kwetu. Tumeagizwa tuwe na kiasi na kukesha, na wengi wetu tunakesha vizuri sana, macho yote nje, tukiwapima wapitao. Ewe uliye mlinzi wa mlango wako mwenyewe, kabla hujamuuliza aliye nje, sali wewe kwanza, kwa sauti, usimeze neno, ujisikie unakwama wapi.