Hina ya Siku Nne ya Bwana Kiboko

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, rudishia mlango. Kabla sijasema neno, kila mmoja aape: nikilitoa hili, ulimi uniote vipele. Mmeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyo hivyo mbele ya Bi Kanga aliyenipa habari hii. Nikakaa nayo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, halafu nikamwambia jirani yangu Mwanatumu tu. Na wale waliokuwa kisimani. Basi.

Nifunue?

— Funua!

Nikifunua, mtafunika?

— Tutafunika!

Waongo wakubwa. Sikilizeni.

Palikuwa na Kiboko, tumbo kama pipa, mdomo kama mlango wa ghala. Kando ya mto alijenga uwanja wa kuchezea. Siku ya kwanza pembea. Siku ya pili mtelezo wa kuangukia kidimbwini. Siku ya tatu farasi wa mbao. Siku ya nne, na ya nne tu, gurudumu la kupandia, refu kupita mikoche yote. Wiki ikiisha, anaanza upya.

Getini alikaa mwenyewe, akinguruma: "Siku moja, kikapu kimoja cha kunde! Siku nne, vikapu vitatu, nyumba nzima! Na wa siku moja hapandi gurudumu!"

Tiketi yenyewe haikuwa karatasi. Ilikuwa hina. Anachovya mkono bakulini, anakupaka kiganjani, unapita. Rangi ikiwapo, unaingia. Rangi ikifutika, siku zako zimekwisha.

Sasa palikuwa na Bi Sange, yule panya wa porini mwenye pua ndefu kama mdomo wa birika. Shule zimefungwa, watoto wake sita wanaruka ruka, uwanja, uwanja, uwanja! Mumewe akasema, "Mke wangu, tukate ya siku moja kwanza, tuonje."

"Tuonje nini, na mama anataka gurudumu?"

Mama ni mama mkwe wake, Bi Kizee, jicho moja limekwisha na la pili linaaga. Alikuwa kajikunja pembeni. Akasema, "Nikifika kule juu nitakiona kilima cha kwetu. Nililetwa huku bibi harusi, sijarudi tena. Nikikiona mara moja, nizikeni popote."

"Umesikia?" Bi Sange akamwambia mumewe. "Na hina, bwana, naijua mimi. Maharusi wangapi nimewapaka? Hina inakaa siku kumi! Hapo tutaibiwa nini?"

Wakabeba kunde zote za mavuno, vikapu vitatu. Kiboko akachovya, akapaka, chap chap.

"Mbona hatukai ikauka?" Bi Sange akauliza. "Hina hukaliwa."

"Hii ya kisasa, mama. Pita, unazuia foleni."

Pua ikamwambia Bi Sange: mbona inanuka mtoni? Moyo ukamwambia: nyamaza, watoto wamefurahi. Akausikiliza moyo. Ndiyo makosa yetu sisi wanawake wenye watoto.

Siku ya kwanza, pembea. Wiii! Wiii! Bi Kizee anacheka chini.

Siku ya pili, mtelezo. Sereree, chubwi! Sereree, chubwi! Wote majini, mpaka Bi Kizee akalowesha miguu na mikono.

Siku ya tatu wakafika getini.

"Kiganja," akasema Kiboko.

Wakafunua viganja. Vyeupe.

"Rangi imefutika. Siku zenu zimekwisha."

"Bwana Kiboko, tumelipa siku nne!"

"Sheria si yangu, ni ya kiganja. Nyie mnanawa sana."

Akaja Digidigi. Rangi imefutika, siku zako zimekwisha. Akaja Kima na mkewe. Rangi imefutika, siku zenu zimekwisha. Na mnajua walivyosema? Kima akamgeukia mkewe: "Nilikukataza kuosha vyombo." Digidigi akasema, "Labda mimi natoka jasho." Kila mmoja akajilaumu, akaenda zake kichwa chini. Mkubwa akikuibia, unajipekua mwenyewe.

Siku ya nne wakakaa nje ya ua. Gurudumu linalia, kwiru, kwiru, kwiru. Bi Kizee akauliza, "Wamefika juu?"

"Wamefika, mama."

"Wanakiona kilima?"

Bi Sange akamshika mkono, wakarudi nyumbani.

Siku tatu baadaye Bi Kizee hakuamka.

Bi Sange alilia, akazika, akafuta machozi, akaiachia pua kazi yake. Alfajiri ikampeleka mtoni, kwenye nyayo za Kiboko. Hapo pameparurwa shimo. Udongo mwekundu. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Udongo! Ndiyo hina ya kisasa. Na siku ya pili ni siku ya maji. Mmeona alivyopanga?

Siku ya gurudumu ikafika tena. Foleni imejaa mpaka njiani, wa wiki hii na waliofukuzwa wiki iliyopita, wanakata upya. Bi Sange akaja na chano cha pilau kichwani, mumewe nyuma na birika na beseni jeupe.

Kiboko akanusa. "Pilau ya nini?"

"Ya hitima ya mama mkwe wangu."

"Maskini. Ina zabibu?"

"Ina zabibu." Bi Sange akaweka chano chini, akapaza sauti. "Lakini Bwana Kiboko, kwanza nisamehe mbele za watu. Nilinung'unika kuwa hina yako inatoka."

"Haitoki! Mnanawa kama bata, ndiyo maana! Mtu akinawa kistaarabu, hina yangu haitoki siku kumi!"

"Na leo umepaka wangapi?"

"Foleni nzima, kwa mkono huu!" Akauinua juu, mwekundu mpaka kifundoni. Jicho lakini liko kwenye pilau.

"Basi karibu, baba. Nikunawishe ule."

Nani anakataa kunawishwa? Kiboko akanyoosha mkono kabla hajaalikwa mara ya pili.

Chururu. Maji ya beseni yakawa mekundu.

Chururu. Yakawa tope.

Chururu. Foleni nzima shingo nje. Kima kamshika mkewe mkono.

Kiboko akatazama chini. Akataka kurudisha mkono, Bi Sange kaking'ang'ania kidole kwa mikono yote miwili. Akakigeuza kiganja juu, watu waone. Cheupe pe, kama cha mtoto wa jana.

"Bwana Kiboko," akasema, "rangi imefutika. Siku zako zimekwisha."

Mimi naishia hapo hapo, yeye kasimama mbele za watu, maji yanamchuruzika. Mtaniuliza, na Bi Kizee je? Bi Kizee yuko chini ya udongo, na huko hakuna kilima.

Funzo lake, wanangu, ni hili: ukikata tiketi ya siku nyingi, usinawe mikono.

Nimefunua!

— Tumefunika!

Haya, toeni ndimi nizitazame.