Marinda ya Uso

“Marinda ya uso hayanyooshwi.” Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi alipomkuta Tausi mbele ya kioo na kikopo chake cha krimu ya kulala nayo usoni, kisha akaenda zake sokoni akatuachia maneno. Mmecheka, na sasa mnakuja kwangu kuuliza yametoka wapi. Mmefanya vizuri. Methali nyingi ukimuuliza mzee asili yake atakuna kidevu aseme ni ya wahenga, maana yake hajui. Hii naijua. Siku ilipozaliwa nilikuwapo papo hapo, nimevaa kofia mpya, na nilikuwa karibu kuaga.

Kaeni basi. Tausi, weka hicho kikopo chini, hakuna atakayekunyang'anya. Mambo yalikuwa hivi.

Nyuma ya soko, hapahapa Tabora, paliishi mwanamke aitwaye Siwema, mjane, dobi kwa kazi. Mumewe alifariki angali na nguvu zake, watoto wakaoa na kuolewa mbali, akabaki yeye na pasi yake ya mkaa katika nyumba ya kaka yake, Mzee Hemedi. Nyinyi mnaijua pasi ya umeme tu. Ya mkaa ni mzigo, ukiinyanyua kutwa, jioni bega linakusimulia. Siwema aliinyanyua huku anacheka. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, na kilipofika usoni macho yalifumba, mashavu yakapanda, na ngozi ya pembeni mwa macho ikajikunja yote. Watu walimpelekea hata nguo ambazo hazijachafuka. Mimi ni mmoja wao.

Siku moja alikuja kwake mgeni kutoka Urambo, Sudi Malunde, mrina asali, naye mgane. Alikuwa amekuja kwenye harusi ya mpwa wake, na kanzu yake ilikuwa imeharibika kwa nyuma. Siwema alipouliza imekuwaje, Sudi akamweleza kwamba ndani ya treni debe lake la asali lilivuja juu ya kiti, akakikalia bila kujua, na mkagua tiketi alipomwamuru asimame, yeye na kiti wakawa hawataki kuachana. Siwema alicheka mpaka akaitua pasi chini asije akaichoma kanzu ya watu. Sudi akarudi Urambo na kanzu nyeupe, lakini moyo ukabaki nyuma ya soko. Haukupita muda akaniita mimi, mwenzake wa tangu jandoni, akanituma niwe mshenga.

Mzee Hemedi alinipokea kwa uso mkunjufu. Lakini akanikumbusha desturi, nami nawakumbusha nyinyi. Mwari akiposwa akanyamaza, kimya chake ni ndiyo. Mjane sivyo. Mjane hujibu kwa kinywa chake, mposaji akiwapo na kusikia, na asiposema neno, wageni huelewa kwamba amekataa kwa heshima, huaga bila kinyongo na habari hairudiwi tena. Ikapangwa Jumapili baada ya alasiri, tuje tusikilize.

Sasa Siwema alimtaka Sudi. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe alikuja kunieleza wazi. Alikuwa amechoka kucheka na wateja mchana kutwa, kisha kufunga mlango na kukaa na ukuta. Ila aliingiwa na hofu. Sudi alikuwa amemwona jioni, giza limeanza kuingia, na kanga imemfunika nusu ya kichwa. Jumapili angemwona mchana kweupe. Akajitazama kwenye kioo, akayaona makunyanzi ya macho na mifereji miwili kando ya mdomo, akajiambia kwamba mwanamume hatoki Urambo kuja kuposa bibi kizee.

Katika nyumba ile alikuwamo wifi yake, Nyamizi, mke wa Mzee Hemedi. Nyamizi alizaliwa shamba, mikono yake ilizoea jembe na mwiko, na moyo wake ulikuwa mwepesi kusaidia kuliko kuuliza. Yeye ndiye aliyesikia habari za krimu ya dukani ya kuondoa uzee kwa usiku mmoja. Wakaenda pamoja. Muuzaji, msichana mwenye nyusi za wino, akawaambia maneno mazuri: lala nayo, uamke kijana. Halafu akaeleza matumizi. Kiasi cha punje ya kunde, kwenye uso mkavu, mbali na macho, na mtu awe na subira.

Siwema aliyasikia yote hayo. Lakini yeye alikuwa dobi, na dobi ana akili yake kuhusu vitu vilivyojikunja. Nguo ikijikunja sugu, huipigi pasi kavu. Unainyunyizia maji, unaitia wanga wa kutosha, halafu unaikandamiza kwa moto. Punje ya kunde ingenyoosha nini? Basi Jumamosi usiku akauloanisha uso, akapaka krimu kama anayekandika ukuta, macho na mdomo vyote ndani, kisha akachovya taulo katika maji ya moto, akalikamua, akajifunika nalo usoni. Lilipopoa akalichovya tena. Uso ulipoanza kuwasha alifurahi, akadhani ndiyo uzee unatoka.

Alfajiri alikwenda kwenye kioo. Makunyanzi hayakuwapo, hilo ni kweli. Uso ulikuwa umevimba na kukaza mpaka hapakuwa na pa kuyaweka. Ulikuwa mwekundu, unang'aa, macho yamebaki vijitundu, na midomo imekuwa mizito asiweze kutamka neno likatoka sawa. Alijaribu kutabasamu, ngozi ikauma. Nyamizi alipomwona alishika kichwa, akataka watume mtu atuambie tusije. Siwema akakataa. Sudi alikuwa na treni ya kesho yake, na jibu la posa likiahirishwa, watu husema mwenye nyumba anatafuta njia ya kukataa. Akajikaza kisabuni, akajikanda maji baridi, akasema atakaa nyuma ya pazia.

Kulikuwa na jambo jingine. Uani palikuwa na rundo la sketi za wanafunzi wa shule ya jirani, zimeshafuliwa, zinangoja pasi, na Jumatatu wasichana walikuwa na sherehe. Siwema asingeweza kusogelea mkaa kwa uso ule. Nyamizi akasema aachiwe yeye, kwani kunyoosha nguo kuna ugumu gani. Siwema hakuwa na nafasi ya kubishana.

Tukafika. Tukakaribishwa ukumbini, tukaketi, chupa ya asali ikawekwa mezani kama salamu. Pazia la chumbani lilikuwa limeshushwa, na chini yake tukaona vidole vya miguu vya Siwema vimetiwa hina. Tukaulizana hali, mvua, mizinga, ndugu wa Urambo. Kisha Mzee Hemedi akakohoa, akasema kwamba mgeni amekuja kusikia neno la mwenyewe.

Kimya.

Mzee Hemedi akarudia kwa upole. Kimya kile kile. Sudi alidhani ana haya, akaanza kusimulia namna yule mkagua tiketi alivyomwandikia barua ya kumtaka alipie kiti. Ilikuwa hadithi nzuri, mimi mwenyewe niliuma ulimi nisicheke kabla ya mhusika. Nyuma ya pazia hapakusikika kitu. Sudi akanyamaza katikati ya maneno. Nilimtazama usoni nikamwonea huruma.

Siwema alikuwa amefumba mdomo kwa kanga. Alinieleza baadaye kwamba neno lilikuwa ulimini, lakini aliogopa likitoka na sauti ile ya mdomo uliovimba, tutasema amekunywa pombe au amerogwa, na tutafunua pazia. Kila alivyongoja ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Mimi nikainuka, nikavaa kofia yangu, nikaanza maneno ya kuaga, yale ya kwamba riziki ni mafungu na undugu haufi. Sudi naye akainuka.

Hapo mlango wa uani ukafunguka na Nyamizi akaingia na sketi mkononi, jasho linamtoka, uso umejaa fahari. Akapita mbele yetu bila hata kutuona, akalifunua pazia nusu, akamwonyesha wifi yake.

“Tazama, wifi. Zote zilikuwa na makunyanzi kutoka juu mpaka chini. Yalikuwa sugu hayo! Lakini nimeyatoa, hakuna hata moja lililobaki.”

Sketi zile, wajukuu zangu, zilikuwa sketi za marinda. Yale aliyoyaona Nyamizi kuwa makunyanzi ndiyo marinda yenyewe, na alikuwa ameyanyoosha yote, rundo zima, mpaka sketi ikatanuka kama chandarua. Siwema akaitazama sketi, akamtazama Nyamizi, akalikumbuka taulo lake la usiku. Kicheko kikaanzia tumboni. Alijaribu kukizuia, kikamshinda. Akacheka huku anasema anaumia, akashika mashavu kwa mikono miwili, akacheka zaidi.

Sudi alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. Sijapata kumwona mtu akigeuka kwa haraka namna ile bila kuitwa.

“Wifi,” Siwema akasema, ulimi mzito, machozi yanamtoka, “hayo ni marinda. Hayo hayanyooshwi. Ndiyo sketi yenyewe hiyo. Ukiyatoa, kinachobaki ni kitambaa tu.”

Alipomaliza kusema akanyamaza ghafla, maana alikisikia mwenyewe alichokisema. Nyamizi naye akamtazama ule uso uliokazwa, akaelewa, na kwa kuwa hakujua kuficha jambo, akatueleza yote palepale: duka, krimu, taulo la moto. Mzee Hemedi akaangalia sakafu. Siwema akavuta kanga ikamfunika mpaka kidevuni.

Sudi akarudi mpaka karibu na pazia, akasimama kwa adabu.

“Bi Siwema, siku ile ya kanzu nilikutazama ukicheka. Hayo uliyoyatia moto jana usiku ndiyo yaliyonirudisha hapa. Nami sikutoka Urambo kufuata kitambaa.”

Kisha ikasikika sauti ndogo kutoka chini ya kanga.

“Usinitazame leo, nimevimba.”

“Mimi ni mrina asali,” Sudi akajibu. “Kila msimu navimba kuliko wewe, na mbuzi wangu wananikimbia. Siku mbili tatu itakwisha. Nijibu tu, uso nitautazama kesho, na keshokutwa, na ukiniruhusu, mpaka mmoja wetu amzike mwenzake.”

“Basi nimekubali,” akasema Siwema. Alilitamka vibaya neno lile, midomo ikamwangusha katikati, lakini tulilisikia sote, tena kwa kinywa chake mwenyewe, kama desturi itakavyo. Mzee Hemedi akatoa machozi, akasingizia moshi wa mkaa.

Mnadhani tulipewa wali tukaondoka? Sketi za watoto zilikuwa zinangoja. Siwema akakaa mbali na moto, kanga usoni, akituelekeza, na jioni ile nzima mimi mshenga na Sudi mposaji tulipiga magoti uani tukishika pindo la sketi, tukihesabu kunjo juu ya kunjo, na Nyamizi akipitisha pasi polepole. Rinda moja likienda kombo, Siwema alilifumua. Hakukubali kazi mbovu hata kwa siku ya posa yake. Wasichana walivaa sketi zao Jumatatu na hakuna aliyejua zimekunjwa na nani.

Uso ulipona. Ngozi ya juu ikabambuka, uvimbe ukashuka, na makunyanzi yakarudi mahali pake moja baada ya jingine. Alisema alipoyaona kwenye kioo aliyasalimia. Siku ya harusi mwanamke mmoja alimshauri bibi harusi ajipake kitu chochote apendeze, na Nyamizi, aliyekuwa anapita na sinia, akamjibu kwamba marinda ya uso hayanyooshwi. Wanawake wakalidaka neno, likatoka uani likaingia mjini, na leo limewafikia nyinyi kwa mdomo wa shangazi yenu.

Sasa Tausi ananiuliza kama akitupe kikopo. Kwani nimesema krimu ni dhambi? Paka, mwanangu, ngozi ni yako na harufu yake nzuri. Siwema hakuitupa ile yake. Aliimalizia kwenye visigino wakati wa baridi, na hakuna mwari aliyekuwa na visigino kama vyake. Lakini nilikuona asubuhi ukijivuta ngozi kando ya mdomo, pale unapocheka, na uso wako ulikuwa na huzuni ya mtu mwenye doa. Hilo silo doa. Pale ni pa marehemu bibi yako, ndipo alipokuwa anacheka yeye, nami nikipaona kwako nafurahi siku nzima.

Mwezi uliopita nilikwenda Urambo kuwaona wale wazee. Sudi sasa hasikii vizuri na Siwema anatembelea mkongojo. Sikuwa nimebisha hodi bado nilipokisikia kicheko nyuma ya nyumba, kile kile cha kuanzia tumboni, na mzee mwenzangu akimsimulia jambo ambalo bila shaka alishamsimulia mara nyingi. Nilizunguka nikawakuta. Siwema alikuwa amefumba macho kwa kucheka, uso mzima umejikunja, na Sudi amekaa mbele yake anautazama, kama alivyoahidi.

Marinda ya uso, wajukuu zangu, hayanyooshwi.